Kitambaa cha Saba

Mwenye gari jipya atakwambia tone la oili si kitu. Nenda kamwulize mtu aliyetandika vitofali vipya uani Jumapili iliyopita. Huyo atakwambia tone ni dhambi.

Mhasibu alikuwa mtu wa namna hiyo ya pili. Alhamisi asubuhi alisimama uani kwa mama yake, tai shingoni, kidole kimeelekea chini kana kwamba ameona nyoka. Kwenye vitofali vyekundu palikuwa na doa jeusi, ukubwa wa kifuniko cha chupa ya soda. Kando yake lingine. Na la tatu, dogo, linang'aa, bado bichi.

"Hili ni la leo," alisema. "Yale mawili ni ya Jumatatu na Jumanne. Nimeyahesabu."

Mwanamke aliyeshuka kwenye gari lile kuukuu jeupe hakubisha. Mtaani walimwita Dereva. Jina hilo alilipata mwaka jana aliposhika usukani badala ya mumewe. Mwanzoni watu walilitamka wakicheka, siku hizi wanalitamka tu, kama wanavyotamka fundi au mwuza maziwa.

"Samahani, kaka. Nitayasafisha."

"Jumanne ulisafisha. Leo unasafisha. Jumatatu je?"

Hata hivyo Mhasibu aliingia ndani, akatoka na brashi na sabuni ya unga. Aliviweka chini karibu na miguu yake mwenyewe, hivyo Dereva alipopiga magoti kusugua, alikuwa amepiga magoti mbele ya viatu vyake. Sidhani kama alikusudia. Watu wengi hawakusudii, na maumivu ni yale yale.

Mama yake Mhasibu alikuwa amesimama kwenye ngazi, fimbo mkononi, mkoba begani. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na nusu ya mji bado ilimwita Mwalimu. Alifanyiwa upasuaji wa nyonga, na mara tatu kwa wiki Dereva alimpeleka kwenye mazoezi.

"Mazoezi yangu ni saa tatu," alisema Mwalimu.

"Dakika tano tu, mama."

"Mimi nimefundisha darasa la watoto hamsini. Walimwaga wino kila siku. Sikuwahi kumpigisha mtu magoti kwa ajili ya wino."

"Mama, huyu analipwa."

Brashi ilisikika peke yake, shwa, shwa, shwa. Doa halikutoka, lilitanuka na kugeuka rangi ya chai. Mhasibu akatazama saa yake, akasema kwa upole, maana hakuwa mtu wa kupayuka: "Dada, nisikilize. Kuna kampuni ina magari mapya, madereva wana sare. Nimeshaongea nao. Jumatatu nitakuwepo hapa. Likidondoka hata tone moja, tuagane kwa amani, tusisumbuane."

Ndani ya gari Mwalimu alingoja mpaka walipokata kona.

"Magari yao yana kiyoyozi," alisema. "Baridi ile inaniingia kwenye nyonga. Lakini mwenye kulipa ni yeye, binti yangu, si mimi. Litengeneze gari."

Dereva aliitikia kwa kichwa. Abiria wengine aliwapata siku wakipatikana. Mwalimu ndiye aliyekuwa wa kila wiki, ndiye aliyewalisha. Akiondoka Mwalimu, gari nalo halitakaa. Kulikuwa na mnunuzi wa vyuma chakavu ambaye kila akipita mtaani kwao alilisalimia gari kwanza, ndipo akawasalimia wenyewe.

*

Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili, na mbele ya dirisha palikuwa na sakafu ya saruji iliyoezekwa bati moja refu. Hapo ndipo gari lilipolala, na chini yake hapakukosa boksi lililokunjuliwa. Mwenye duka la jirani aliwawekea maboksi ya sabuni yaliyokwisha, na kila mara aliuliza, "Bibi bado anakojoa?"

Bibi lilikuwa jina la gari. Mume wa Dereva ndiye aliyelipatia.

Mume huyo aliitwa Spana tangu ujana. Miaka ishirini na miwili aliendesha gari lile na kulitengeneza mwenyewe, na hakuna mkono wa fundi mwingine uliowahi kuingia chini ya boneti yake. Kisha presha ya macho ikaanza kumla. Ilianza pembeni, ikaingia katikati, na alipokwenda kwa daktari akaambiwa kilichokwenda kimekwenda. Mwangaza wa dirisha aliuona bado. Mtu hakumwona.

Ndipo alipomfundisha mkewe kuendesha. Aliketi kando yake bila kuona chochote, akiisikiliza injini, akimwambia sasa badilisha gia, sasa unamchosha, sasa mwachie. Mtaa mzima ulicheka: kipofu anamfundisha mtu udereva! Dereva alifaulu mtihani mara ya kwanza, jambo ambalo wengi wa wale waliocheka hawakuliweza.

"Umechelewa kurudi kutoka kwa Mwalimu?" Spana aliuliza Alhamisi ile, hata kabla mkewe hajafunga mlango wa gari.

"Foleni."

"Mbona unanukia sabuni ya unga?"

Dereva alijipangusa magoti, ingawa hakuna aliyekuwa akiyatazama. Akamweleza: madoa, kampuni, Jumatatu. Habari ya kupiga magoti aliiruka. Spana alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Amekupigisha magoti?"

"Nilichuchumaa tu."

Spana alikuwa amekwisha kuambiwa uongo mwingi wa kumhurumia tangu macho yalipokwenda, na aliujua kwa sauti yake. Huwa unatoka haraka kuliko ukweli.

"Kesho tunabadilisha gasketi," alisema.

"Tumeshabadilisha mbili, mzee."

"Basi ya tatu. Na safari hii tutaikaza sawasawa."

*

Mwuza spea alipomwona Dereva Ijumaa hakumwuliza anataka nini. Aliinama, akatoa gasketi, ule utepe wa mpira unaoziba mfuniko wa juu wa injini, akaiweka mezani. "Mama, unazila?" aliuliza. Wateja wawili walicheka. Dereva naye alicheka kidogo, kwa sababu usipocheka watu husema una kiburi.

Mchana walifanya kazi pamoja. Dereva alishika spana namba kumi, mumewe akasimama nyuma yake, mikono juu ya mikono ya mkewe. Alipajua mahali pa kila bolti kama mtu anavyojua meno yake kwa ulimi. Walitoa mfuniko, wakakwangua gasketi ya zamani, wakapangusa, wakaweka mpya, wakarudisha.

"Kaza."

"Imefika."

"Kaza kidogo."

"Nikiongeza itakatika, mzee."

"Haikatiki. Ni chuma hicho, si uzi. Kaza."

Alikaza. Jasho lilimtoka mpaka kidevuni. Walipomaliza, Spana alipitisha vidole kuzunguka mfuniko wote, akatabasamu tabasamu ambalo mkewe alikuwa hajaliona muda mrefu. Kwa saa ile moja alikuwa amerudi kuwa fundi, na Dereva alifurahia hilo kuliko gasketi yenyewe.

Jumamosi asubuhi Spana aliinama, akavuta boksi. Alilipapasa kwa kiganja kizima, taratibu, kama mtu anayetafuta homa kwenye paji la uso wa mtoto. Alisimama akanusa vidole.

"Limelowa," alisema. "Kuliko jana."

Dereva aliegemea ukuta. "Mzee, tumpelekee Fundi Pole."

"Nani?"

"Umenisikia."

Fundi Pole alikuwa na gereji barabara ya pili. Jina hilo alilipata kwa tabia yake: ukimfungulia boneti, kabla hajagusa kitu, anakwambia "pole". Wengine walisema anapandisha bei kwa njia hiyo. Yeye na Spana walikuwa marafiki zamani. Macho ya Spana yalipokwisha, Pole alikuja kumwona, akaketi, akasema, "Pole, ndugu yangu. Basi sasa gari utaniletea mimi." Alikuwa na nia njema. Lakini Spana aliyasikia maneno yale kama mtu aliye hai anavyosikia watu wakijadili kaburi lake, na tangu siku ile hakuruhusu jina la Pole litajwe nyumbani.

"Siku Pole atakapomfungua Bibi boneti," alisema Spana, "mjue na masikio yangu yamekwisha. Gasketi ni nzima. Shida ni mkono wako. Mkono wako mlegevu."

"Mkono huu mlegevu ndio unaokulisha."

Neno lilimtoka. Angekuwa na uwezo angelikimbilia alirudishe kinywani. Spana alipapasa akaupata ukuta, akaufuata hadi kwenye kigoda chake, akaketi.

"Naenda sokoni," Dereva alisema kwa sauti ndogo, akachukua ufunguo.

Gari lilipokwisha kuondoka, Spana aliinuka, akapeleka mkono nyuma ya mlango, kwenye msumari. Kikapu cha sokoni kilikuwa kimening'inia pale pale.

*

Gereji ya Pole ilikuwa uwanja wa udongo uliogeuka mweusi kwa miaka ya oili. Magari mawili yalikuwa juu ya mawe, hayana magurudumu. Kwenye benchi kando ya geti waliketi wanaume watatu ambao hawakuwa mafundi wala wateja; kila gereji ina benchi la namna hiyo.

"Mama, mwenye gari yuko wapi?" aliuliza mmoja.

"Ni mimi."

"Namaanisha mwenyewe mwenyewe."

"Ndiye huyu unayemtazama."

Pole alitoka chini ya gari akipangusa mikono. Alimtambua Dereva, alilitambua gari, akasita kidogo. Halafu akafungua boneti.

"Pole," alisema.

"Ahsante. Ni gasketi. Tumebadilisha tatu, na bado inavuja."

Pole hakuchukua spana. Alimwambia awashe injini, akainama akitega sikio. Kisha akafungua kifuniko cha kutilia oili, na hewa ikafoka puu! mpaka kifuniko kikamcheza mkononi. Akaonyesha kijiti cha kupimia oili: kilikuwa kimeanza kuchomoza chenyewe.

"Unaona? Injini nayo inapumua," alisema. "Mzibe mtu pua na mdomo, pumzi itatafuta pa kutokea. Hii imetokea kwenye gasketi. Mngebadilisha hata kumi, zote zingevuja. Zima."

Kulikuwa na mpira mfupi mweusi uliotoka kwenye mfuniko wa injini kwenda kwenye sanduku la chujio la hewa. Dereva aliujua. Kila walipobadilisha gasketi aliuchomoa upande wa mfuniko, akausogeza kando. Pole aliuchomoa pande zote mbili, akauinua juani, akafumba jicho moja na kuchungulia. Hakuona mwanga. Alichukua koleo la mdomo mwembamba, akaliingiza upande wa chujio, akavuta.

Kilitoka taratibu, kirefu, cheusi, kinachuruzika. Kitambaa.

"Hee!" benchi lilishangilia. "Fundi gani huyo kaacha kitambaa ndani? Alikuwa amelala?"

"Alikuwa kipofu!" akasema mwingine, na wote watatu wakaangua kicheko.

Hawakujua. Hiyo haikumsaidia Dereva. Alisimama akiwa ameshika ubavu wa gari, uso unamwaka, na alitamani ardhi ile nyeusi immeze. Pole aligeuka, akalitazama benchi, akalitazama mpaka kicheko kikakatika katikati na mmoja akakumbuka kwamba ana safari.

Pole alikunjua kitambaa. Ndani ya mkunjo, mahali ambapo oili haikufika, palibaki rangi ya njano yenye maua madogo meupe, na pindo lililoshonwa kwa uzi wa kijani. Dereva mwenyewe ndiye aliyelishona pindo hilo, siku aliyoishiwa uzi wa njano. Lilikuwa gauni lake. Lilipochakaa, Spana alilikata vitambaa saba vya kazi.

Sasa alikumbuka yote. Miezi minne iliyopita Spana alisema atasafisha chujio la hewa mwenyewe, peke yake, bila mtu kumshika mkono. Dereva aliona ni vyema. Alikwenda jikoni akafungua bomba ili asionekane anamchunga. Katikati ya kazi alisikia spana imeanguka kwenye saruji, ikafuatiwa na kimya kirefu. Alitaka kutoka. Hakutoka. Wiki iliyofuata ndipo walipotandika boksi la kwanza.

"Nikwambie kitu," Pole alisema, sauti imeshuka. "Huu si uzembe. Ukifungua tundu la injini unaliziba, uchafu usiingie. Wengi hawajisumbui. Fundi mchafu asingekiweka hiki kitambaa kabisa."

Alizilegeza bolti zote za mfuniko, akazirudishia upya kwa vidole, na mwisho kwa spana, kidogo tu. "Hizi mlizikaza kama mnafunga mahabusu. Gasketi haina kosa." Akapangusa oili iliyozagaa, akawasha, akafungua tena kifuniko. Safari hii hewa ilitoka kidogo, kwa mapigo, kama ya mtu aliyelala.

Alitaja bei yake na hakuipunguza. Dereva alimshukuru moyoni kwa hilo; siku ile alikuwa amekwisha kuhurumiwa vya kutosha.

"Utamwambia?" Pole aliuliza akimkabidhi kitambaa ndani ya mfuko wa plastiki.

"Nimwambie nini?"

"Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini mume ni wako. Msalimie." Akafikiri. "Au usimsalimie."

*

Spana alikuwa kwenye kigoda chake gari lilipoingia. Aliinuka, akasimama kichwa kimeinama upande mmoja, akasikiliza mpaka injini ilipozimwa. Halafu akaingia ndani bila kusema kitu. Dereva alidhani bado ana hasira za asubuhi, na aliona ni haki yake.

Jumapili boksi lilikuwa kavu. Spana alilipapasa mara mbili.

"Kavu," alisema.

"Kavu?"

"Basi ilihitaji kujipanga tu, ile gasketi."

"Ulisema kweli, mzee."

Aliona afueni, na nyuma ya afueni aibu, kwa sababu alikuwa amemdanganya mtu asiyeweza kumtazama usoni. Alikwenda kupika. Siku ile waliongea kuhusu bei ya mkaa na kuhusu mvua.

Jumatatu Mhasibu alikuwepo kama alivyoahidi. Alikuwa ametandaza karatasi nyeupe nne juu ya vitofali, akamwelekeza Dereva asimamishe gari juu yake, mbele kidogo, rudi nyuma, hapo hapo. Kisha akamwomba mama yake anywe chai taratibu. Nusu saa nzima gari lilikaa pale. Dereva alisimama kando, mikono nyuma, kama mtoto anayesubiri matokeo. Gauni lake bado lilikuwa na kivuli cha sabuni ya Alhamisi magotini. Alisema na Mungu kidogo.

Mhasibu aliinama na tochi ya simu. Alivuta karatasi ya kwanza, akaigeuza pande zote mbili. Akavuta ya pili. Alipofika ya nne alionekana kama mtu aliyejumlisha hesabu mara tatu na kuona hakuna kilichoibwa.

"Ni safi," alisema.

"Mtoto akipata mia kwa mia tulikuwa tunampigia makofi," Mwalimu alisema kutoka kwenye ngazi.

Mhasibu hakupiga makofi. Lakini aliikunja miguu ya suruali, akaziokota karatasi, na akamfungulia Dereva mlango wa gari, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Basi, dada, tuendelee. Kampuni nitawapigia niwakatalie."

Mwalimu aliingia, fimbo kwanza, nyonga baadaye. Walipokata kona aliangalia mbele akasema, "Nilikunywa chai vikombe vitatu. Pale kwenye mazoezi, kama kuna choo karibu na mlango, nipeleke huko kwanza."

Dereva alicheka mpaka akalazimika kupunguza mwendo.

*

Alirudi saa kumi alasiri. Alitaka kusema "Mwalimu amebaki!" kwa sauti ya mtaa mzima kusikia, lakini alipozima injini alimwona Spana ameketi sakafuni. Mbele yake kulikuwa na sanduku lake la vifaa, limefunguliwa. Juu ya saruji alikuwa amepanga vitambaa vya njano, kila kimoja kimekunjwa mara nne.

"Kaa," alisema. "Mwalimu?"

"Amebaki."

"Vizuri." Alivuta pumzi. "Sasa hesabu."

Dereva aliketi. Hakuwa na haja ya kuhesabu. "Sita."

"Gauni lako lilitoa saba."

"Kimoja nilikiokota chini ya kiti cha gari. Ninacho kwenye mkoba." Aliutoa mfuko wa plastiki, akamwekea kitambaa kiganjani.

Spana alikipapasa mpaka akalipata pindo. Akalifuata kwa dole gumba, mshono kwa mshono. Kisha akakinusa.

"Chini ya kiti hakuna injini ya kupika oili," alisema.

Mnunuzi wa vyuma chakavu alipita barabarani na mkokoteni wake, akaanza kulisalimia gari. Aliona wawili wale sakafuni, akajipitia zake.

"Kilikuwa kwenye mpira wa kupumulia," Spana alisema. "Upande wa chujio. Jumamosi uliporudi nilimsikia Bibi anavuta pumzi. Miezi minne alikuwa hapumui, na mimi nakwambia mkono wako mlegevu." Alikigeuza kitambaa upande wa pili. "Nani alikitoa?"

"Fundi Pole."

"Akasema nini?"

Dereva alilikumbuka benchi, akalimeza. "Alisema pole."

Spana aliguna. Mguno ukageuka kicheko, kicheko kikamtikisa mabega, na machozi yakamtoka kwenye macho ambayo hayakuwa na kazi nyingine tena. Dereva hakujua kama acheke naye au amshike, akafanya vyote viwili.

"Alisema tena kwamba fundi mchafu asingekiweka."

"Ni kweli. Na fundi safi hukitoa." Spana alijipangusa uso kwa kiwiko. "Nilikuwa nimeshikilia mpira, spana ikaniponyoka. Nikaanza kuitafuta. Nimeitafuta, nimeitafuta, nikapotea hata mahali pa gari. Nilipolipata tena gari, nilichokuwa nakitaka ni kumaliza tu. Niufunge, niingie ndani, niseme nimemaliza."

"Niliisikia ikianguka. Nilikuwa jikoni. Sikutoka, nilisema nikitoka utaona nakuchunga."

"Nilijua uko jikoni. Maji yalikuwa yanamwagika tu, hakuna sahani inayogongana." Alikikunja kitambaa cheusi mara nne, akakiweka kwenye safu ya wenzake. "Nilikuwa nakungoja utoke."

Dereva aliushika mkono wake, na wakakaa hivyo mpaka jua likasogea kutoka kwenye boneti ya gari hadi kwenye ukuta.

"Bibi amepoa?" Spana aliuliza.

Aliinuka akagusa boneti. "Amepoa."

"Chujio halijasafishwa miezi minne. Chukua spana. Utafungua wewe, mimi nitakaa hapa."

Alifungua boneti. Alilegeza, akachomoa, akaweka kila kitu kwenye boksi kwa mpangilio aliofundishwa. Alipoinua chujio, tundu la mpira likabaki wazi. Alichukua kitambaa, akakisokomeza humo.

"Kimoja kimeingia," alisema.

Spana aliinua kidole kimoja.

Akaziba tundu la pili, lile kubwa linalopeleka hewa kwenye kabureta. "Cha pili."

Kidole cha pili kikainuka. Alilikung'uta chujio, akalipuliza, akapangusa sanduku lake ndani na nje. Kazi ilichukua robo saa, na muda wote huo mumewe aliketi vidole viwili juu, kama mwanafunzi anayeomba ruhusa, wala hakuona haya ya wapita njia.

"Nataka kufunga," Dereva alisema.

"Vitoke kwanza."

"Nimevitoa."

Spana aliunyoosha mkono, kiganja wazi. Akawekewa kitambaa kimoja, akashusha kidole. Akawekewa cha pili, akashusha kingine. Akavifumbata vyote viwili.

"Funga," alisema.